Washa ya Nne

Tangu tumzike baba yao, wanangu wawili wa kiume hawasemeshani. Siku ile tulipokuwa tukimkimbiza hospitali, gari lilizima njiani, yeye akiwa amelazwa kiti cha nyuma, mdogo akiendesha. Mkubwa akasema mdogo alijua nozeli, zile za kupulizia mafuta kwenye injini, zimechoka, na hakumwambia mtu. Mdogo akasema mkubwa ndiye aliyeahidi kuzibadilisha. Gari likarudishwa uani kwangu kwa kuvutwa, na midomo ikafungwa.

Sasa binti yangu, dada yao, amejifungua. Nikawapigia simu wote wawili: nataka kwenda kumwona mjukuu, kwa gari la baba yenu, na nyote mnipeleke. Gari halikuwa na maana sana kwangu. Nilitaka wakae viti vya mbele, wasikiane hata pumzi.

Wakaja Jumamosi asubuhi na nozeli mpya. Boneti ikafunguliwa, mkubwa akasimama upande huu, mdogo upande ule, mimi kwenye kigoda katikati.

"Mama, mwambie huyo anipe spana ya kumi na saba."

"Mwanangu, kaka yako anaomba spana ya kumi na saba."

"Mwambie iko mbele ya pua yake."

"Mwambie pua yangu haina macho."

Nilicheka. Mdogo naye nikamwona anauma mdomo asicheke. Nozeli ya mwisho ilipong'ang'ania, mkubwa akivuta mpaka mishipa ya shingo imemtoka, mdogo alipeleka mkono wake taratibu, akamsogezea mpira wa mafuta usimzuie. Hakuombwa. Nikasema moyoni, leo yataisha. Nikaingia ndani kuwapikia chai.

Niliporudi na sinia, nozeli mpya zote zilikuwa zimekwisha kufungwa. Mkubwa akawasha. Gari likaitika, lakini kwa mlio mbaya, chaf, chaf, chaf, na moshi ukawa unachungulia pembeni mwa nozeli ya nne.

Akalizima, akaifungua tena ile nozeli ya nne. Akachokonoa shimoni kwa waya uliopindwa ncha, akatoa washa kuukuu, nyeusi kwa masizi. Ni kipete chembamba cha shaba kinachokaa chini ya nozeli ili kuziba. Nozeli ya zamani ikitolewa, washa yake nayo lazima itoke. Hii ilibaki chini, mpya ikapandishwa juu yake, na pumzi ya injini ikapata pa kutorokea.

Mkubwa akamgeukia mdogo wake. Mimi hakunitazama.

"Uliona washa zimetoka tatu tu?"

Yalikuwa maneno ya kwanza kati yao tangu makaburini. Nikatua sinia kwenye kigoda nisimwage chai kwa furaha.

"Niliona," mdogo akajibu.

"Na ukanyamaza?"

"Mama hakuwepo."

Hakusema kwa kejeli. Alisema kama mtu anayekwambia nje kunanyesha.

"Kama siku ile," mkubwa akasema.

"Kama siku ile. Na wewe, kama siku ile, hukuangalia."

Mkubwa akainamia injini. Akaweka washa mpya, akaifunga nozeli, akawasha. Gari likanguruma vizuri kuliko hata enzi za baba yao. Akalizima, akaweka funguo kwenye sinia, kando ya chai ambayo hakuna aliyeigusa.

"Atakupeleka yeye, Mama."

"Mwambie mimi siendeshi tena gari hili," mdogo akasema.

Mkubwa alikuwa hata hajafika getini. Alisikia. Sikumwambia.

Mdogo akakusanya spana, akazifuta moja moja, akaninawisha grisi iliyonishika kidoleni, kisha naye akaenda zake. Nikampigia binti yangu kumwambia asinipikie.

Nilipokwenda kufunga milango ya gari, nikaona kwenye kiti cha nyuma mto wangu wa mgongo, umetolewa chumbani na kuegeshwa vizuri, tayari kwa safari. Mmoja wao alikumbuka mgongo wangu. Sijui ni nani. Natamani kumshukuru, ila nikikosea nikamshukuru mwingine, ataniambia, "Mama, mwambie huyo."