Uso Ulioliwa na Mchwa

Mchwa hawana adabu. Hawaulizi hiki ni kizingiti cha mlango au ni Biblia ya marehemu, wao wanakula tu, tena kimyakimya, na wewe mwenye nyumba unajua siku ya mwisho. Mwaka huu Agripina alikwenda Ulemo kwa mwanawe Benjamin, kwa kuwa mkamwana alikuwa amejifungua kwa upasuaji na hakuwa na wa kumkandia maji. Akakaa miezi miwili. Aliporudi kwake Kinyangiri na kufungua kufuli, kitu cha kwanza kukiona kilikuwa njia ya udongo imepanda ukutani kutoka sakafuni mpaka kwenye fremu ya picha.

Hakutua hata mzigo. Aliishusha ile fremu, na nyuma yake ubao wote ukamwagika kama pumba.

Picha yenyewe ilikuwa ya Krismasi ya mwaka tisini. Mpiga picha alikuwa amekuja na baiskeli kutoka Kiomboi, akawapanga mbele ya kanisa: Gaspari, mume wake, amesimama na tai ya kuazima, Agripina ameketi kwenye kiti, na mapajani kwake Raheli, binti yao wa kwanza, miaka mitatu na nusu. Miezi mitano baadaye surua ilipita kijijini na kumchukua Raheli. Gaspari naye alifuata baada ya miaka mingi. Hapakuwa na picha nyingine ya mtoto yule popote duniani.

Sasa mchwa walikuwa wamemwachia Gaspari kichwa na bega moja. Agripina mwenyewe alikuwa amebaki nusu uso. Gauni la mtoto lilikuwepo, limejaa madoa ya ukungu, lakini juu ya shingo palikuwa na tundu tu. Uso haukuwepo.

Wifi yake Yustina, dada yake marehemu Gaspari, alikuja kumpokea akamkuta ameketi chini na fremu.

"Pole, wifi. Lakini si ni karatasi tu? Mtoto yuko moyoni."

Agripina aliitikia kwa kichwa. Kulikuwa na siri ambayo hakuwahi kumwambia mtu, hata padri. Uso wa Raheli haukuwa moyoni. Ulikuwa ukutani. Miaka thelathini na kitu alikuwa akiamka, anautazama, anakwenda shambani. Alipofumba macho sasa kuutafuta, alipata gauni, akapata mlio wa kikohozi, akapata hata harufu ya mafuta ya alizeti kwenye nywele. Uso hakuupata. Jamani, mama gani anasahau uso wa mwanawe? Aliona aibu mpaka akaogopa kulala.

Aliyemletea matumaini ni Swaumu, binti wa Mzee Mselemu wa Singida mjini, aliyefungua steshenari pale senta: fotokopi, picha za pasipoti, fomu za shule. Msichana ana maneno mengi, lakini mkono wake mwepesi kwa watu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Hii inatengenezeka?"

Swaumu aliitazama picha, akaigeuza aone nyuma. Kisha akasema liko kundi mtandaoni, watu wa nchi za mbali, wengi wastaafu, wanakaa na kompyuta zao kutengeneza picha zilizoharibika za watu ambao kwao hakuna fundi wa kazi hiyo. Hawataki hela. Unaweka picha, mwenye nafasi anaichukua.

"Bure?" Yustina aliuliza. Alikuwa amemsindikiza wifi yake. "Mzungu wa bure huyo anatafuta nini?"

"Hatafuti kitu, bibi Yustina. Wengine wanafuma vitambaa, yeye anafuma picha."

Swaumu aliiskani picha, akaipandisha. Baada ya siku mbili aliwaita. Mama mmoja wa Ufini, jina lake Marjatta, ameichukua. Ana swali moja.

Hapa inabidi niseme jambo la nyumba hii, maana bila hilo hutaelewa walivyokosea. Benjamin alipopata binti, jina halikujadiliwa. Mtoto aliitwa Raheli. Na kwao aliyepewa jina la marehemu hapewi jina peke yake, anapewa na nafasi. Mtoto huyo, ambaye sasa alikuwa na miaka minane na alilelewa na Agripina, ingawa miezi ile miwili alibaki kwa Yustina asikose shule, alimwita bibi yake "mama." Yustina, ambaye kwa haki ni bibi yake, alimwita "shangazi," kwa kuwa Raheli wa kwanza alimwita hivyo. Akiugua, watu waliuliza, "Raheli tena?" Hakuna aliyeona ajabu, hata mtoto mwenyewe.

"Anauliza," alisema Swaumu huku akimtolea mteja fotokopi, na wengine wawili wamesimama na vyeti mikononi, "kama ipo picha nyingine ya Raheli, hata moja, auone uso."

Yustina akacheka. "Raheli si huyu hapa?"

Mtoto alikuwa amesimama mlangoni na sare ya shule. Na Agripina, kwa kinywa chake mwenyewe, ndiye aliyesema, "Mpige huyu. Huyu ndiye Raheli."

Alimaanisha damu. Alimaanisha kwamba mwenye kutaka kujua pua ya ukoo ilivyo, aanzie hapa. Lakini hakuyasema hayo, kwa kuwa kwake hayakuhitaji kusemwa. Swaumu alimpiga mtoto picha kwa simu, akaituma, akaandika vilevile alivyosikia, kisha akageukia wateja.

Siku ya nne picha ikarudi. Swaumu aliichapa kwenye karatasi ngumu inayong'aa, akaileta mwenyewe nyumbani. Loo! Gaspari alikuwa mzima, tai imemkaa vizuri kuliko ilivyomkaa siku ile. Agripina alijiona ana miaka ishirini na saba, shingo imesimama, na ukuta wa kanisa nyuma yake una kila tofali. Majirani wakajaa. Yustina akapiga kigelegele.

"Ni yeye! Ni Raheli kabisa!"

"Mama, umenipakata!" alisema mtoto, akaruka kwa furaha.

Ndiyo, alikuwa amempakata. Kwenye gauni la mtoto wa mwaka tisini palikuwa na uso wa huyu wa darasa la pili, umepunguzwa umri kwa ufundi wa ajabu, mashavu yamejazwa, lakini macho ni ya mama yake wa Ulemo, ambaye mwaka tisini hakuwa hata amezaliwa. Agripina alisema, "Nzuri. Nzuri sana." Akaomba msumari.

Wiki hiyo aliishi na picha hiyo, na ilikuwa wiki mbaya. Asubuhi akiitazama, uso ule nao ulimtazama bila haya. Usiku akifumba macho kumtafuta mwanawe, alikuja yule wa ukutani. Akijaribu kukumbuka siku ya surua, pale kitandani alilala mjukuu wake. Mwanzoni palikuwa na tundu, na tundu lilimuuma, lakini lilikuwa tundu la Raheli. Sasa limezibwa na mtu mwingine. Mchwa walikula karatasi. Hii ilikuwa inamla kichwani.

Siku ya nane aliing'oa ukutani akaenda nayo senta. Yustina alimwona akipita mbiombio, akamfuata, na wote wawili wakaingia dukani wakihema.

"Swaumu, mwanangu. Mwandikie atoe uso."

Swaumu alidhani hakusikia vizuri. "Uso upi, bibi?"

"Wa mtoto. Autoe. Aache palivyokuwa."

Swaumu aliifungua simu, akaigeuza waione. Chini ya picha watu mia tatu na zaidi walikuwa wameweka alama za moyo. Wengine wameandika. Akawasomea: huyu wa Kanada anasema amelia, huyu wa Ujerumani naye amelia, huyu anamshukuru Marjatta kwa kumrudishia mama mtoto wake.

"Wamemlilia nani?" aliuliza Agripina.

Swaumu aliendelea kuyashusha maoni kwa kidole.

"Nakuuliza, Swaumu. Wamemlilia mtoto wa Benjamin? Yuko shuleni, mzima, mchana huu anakula makande. Mwanangu mimi hajaliliwa na mtu hapo."

"Wifi!" Yustina alimshika mkono na kuhamia Kinyiramba, kisha akarudi kwenye Kiswahili ili Swaumu naye asikie. "Mtu hakujui, hakudai, amekaa huko kwenye baridi siku nne anakushonea picha, halafu umwambie fumua? Shukrani ya punda ni mateke. Unataka huko waseme ndivyo tulivyo?"

Maneno hayo yalimchoma, kwa sababu yalikuwa ya kweli. Agripina hakuwa mtu wa kurudisha sahani ya jirani bila kuweka kitu. Alikwisha kuuliza mara mbili kama inawezekana kumtumia huyo mama asali, akaambiwa haiwezekani. Na sasa badala ya asali ampelekee lawama. Alikaa kwenye benchi la wateja, picha magotini.

"Wifi, nikuulize na wewe usinidanganye. Wewe ulimbeba Raheli mgongoni. Unamkumbuka uso?"

Yustina alitazama picha, akatazama nje barabarani, akarudi kwenye picha.

"Ulisema ni yeye kabisa," Agripina alisema.

"Nilisema." Sauti ya Yustina ilishuka. "Hata mimi... Wifi, mimi simkumbuki. Nilipoona uso nilifurahi tu kwamba kuna uso."

Akaketi naye kwenye benchi, akaanza kulia. Swaumu alitoka mlangoni akawaambia wateja warudi baadaye.

Barua ilichukua muda, kwa sababu Agripina hakukubali ianze bila salamu. Aliuliza hali ya mama Marjatta, ya watoto wake, ya mifugo kama anayo, na kama baridi imepungua. Ndipo akasema, na Swaumu akaandika neno kwa neno, safari hii bila haraka.

"Mwambie kosa ni langu, siyo lake. Mtoto niliyemtumia siyo yule. Yule alikufa kwa surua, hajafika miaka minne. Huyu amepewa jina lake, na sisi tunamwita kama yeye, nikasahau kwamba mtu wa mbali hawezi kujua. Mwambie kazi yake ni nzuri kupita nilivyostahili. Ila namwomba autoe uso. Mchwa walinilia mtoto, na hilo nimelikubali. Kumpakata mwingine mahali pake siwezi. Mwambie asikasirike."

Siku tatu kimya. Ya nne kimya. Yustina hakusema "nilikuambia," na hilo lilimtia Agripina wasiwasi zaidi kuliko kama angesema. Alijiona mtu aliyemwagia mgeni maji machafu mlangoni. Jumapili kanisani alisali kwa ajili ya mama wa Ufini na akakosea jina lake.

Jumatano Swaumu alikuja jioni na bahasha. Raheli, yule wa darasa la pili, alikuwa anapepeta mtama uani, akaacha ungo na kusogea.

"Ameandika maneno machache tu," alisema Swaumu. "Anasema: nisamehe kwa kumweka mtu mwingine mapajani pako. Nimeanza upya. Safari hii sikuongeza kitu, nimesafisha tu kilichokuwepo. Chini ya ukungu kulikuwa na kitu, nadhani ni chako."

Agripina aliitoa picha. Gaspari alikuwepo, amechakaa kidogo kama alivyokuwa. Tundu lilikuwepo juu ya shingo ya mtoto, halikuzibwa, kingo zake zimetulizwa tu zisiendelee kulika. Lakini kwenye gauni, pale palipokuwa na doa jeusi, doa limeondoka. Palikuwa na mkono. Mkono mdogo wa Raheli ulikuwa umeshika kidole gumba cha mama yake, umekibana mpaka vifundo vimetokeza.

Aliutazama muda mrefu. Kisha akaweka kiganja chake juu ya goti, kama kwenye picha, akakitazama kidole.

"Alikuwa anaogopa," alisema. "Alidhani kile chombo kitamng'ata. Mpiga picha akasema atulie, nami nikamwambia shika hapa, shika mama. Akashika. Alikishika mpaka kikaniuma, na hakukiachia hata tulipofika nyumbani."

Alilia sana, kwa sauti, kama wanavyolia msibani. Swaumu hakujua pa kuweka mikono yake. Miaka yote hiyo watu walikuwa wamemwambia Agripina anyamaze kwa sababu Mungu atampa mwingine, akanyamaza, akapewa mwingine, na jina likarudi, na kumbe hakuwa amelia.

Mtoto alimkaribia taratibu, makapi ya mtama mikononi. Aliitazama picha, akalitazama tundu mahali alipokuwa yeye wiki iliyopita.

"Mama, mimi nimekwenda wapi?"

Agripina alijipangusa kwa khanga. Alimvuta akamketisha karibu yake, siyo mapajani.

"Wewe uko hapa. Huyu siyo wewe, na hajawahi kuwa wewe, nisamehe. Huyu ni shangazi yako, dada yake baba yako. Na mimi ni bibi yako. Kaa nikuambie alivyokuwa."