Karatasi ya Miezi Sita

...na sasa dole gumba la Rébecca limeshakuwa jeusi, karani wa baraza, Osée, amelishika mwenyewe akalibonyeza kwenye wino bila hata kumuuliza kama anajua kuandika, naye anajua, alimaliza darasa la sita, jina lake lote analiandika bila kunyanyua kalamu, lakini ndivyo walivyomfanyia babu Honoré pia, babu katekista, msomaji wa Injili kila Dominika, wakamtia wino kama mtu asiyejua a wala be, mbele ya yule Mbelgiji wa enzi za ukoloni aliyekuja kuhukumu mara moja kwa mwezi, meza chini ya turubai, polisi pembeni, kesi kumi kabla ya chakula... “Mutu asiingie kwa lupango, kwa kiwanja ya mwenzake,” Osée anasoma, “asimuongeleshe, miezi sita, mwenye kuvunja ataingia kasho, atafungwa”... miezi sita, Mungu wangu, na yote kwa sababu ya mbuzi wa jirani aliyekula sombe yangu, majani ya muhogo tu, hapana, usijidanganye Rébecca, mbuzi wa watu hana kosa, ni huo mdomo wako, uliosema mbele ya wanawake wote pale bombani, rudi kwenu Butembo, ukamwambia jirani yako Musoki, Musoki aliyelala nawe mkekani siku saba ulipomzika binti yako Emerance, akikulisha uji kwa kijiko, na kofi alilokupiga ulilistahili, ungelistahili hata la pili, lakini karani hakuuliza nani alisema nini, yeye anataka amani tu, na Mbelgiji wa babu naye hakuuliza, ng'ombe wa babu na ng'ombe wa rafiki yake Bruno waligombania maji, wenye ng'ombe wakapigana fimbo, kesi ikaisha upesi kuliko chai kupoa, siku saba za kifungo kwa kila mmoja, kulima majani ya barabara, kisha karatasi, mwaka mzima wasikaribiane, na babu, mtu wa kutii, akatii, mwezi wa nane wa katazo hilo Bruno akafa kwa homa, babu akasimama ng'ambo ya kijito, kofia mkononi, akitazama udongo ukirudishwa kaburini, maji yenyewe ya kufika magotini, hakuvuka, aliogopa karatasi, na baadaye akasikia kwamba Mbelgiji alikuwa ameshahamishwa zamani na karatasi haikutoka tena sandukuni, hakuna aliyekuwa akiichunga ila yeye... wagombanao ndio wapatanao, sawa, lakini watapatanaje waliokatazwa kusemeshana, na kila Jumatano Musoki anashuka Kasenyi, ziwani, kufuata samaki, barabara ile siku hizi mtu anaagana na watoto kabla ya kupanda gari, miezi sita ni Jumatano ngapi, ishirini na sita, ishirini na sita bila kumwambia uende salama... “Mama, weka kidole, watu iko wanangoja”... wangoje, babu alikuwa na kijito kizima mbele yake, weye Rébecca uko na meza tu, na mpaka kidole kiguse karatasi mdomo ni wako bado, neno lenyewe dogo, nilikosa, dada, unisamehe, aibu ya kulisema mbele ya karani itapita, ile ya babu haikupita, aliivulia kofia kila alipofika kijitoni mpaka anazikwa, naye Rébecca anainua macho, na upande wa pili wa meza Musoki anamtazama, dole gumba lake liko hewani juu ya karatasi ileile, wino umeshakauka kwa kungoja.