Ada ya Mwosha

Time alipokufa, mumewe Bakar alilia kwa jicho moja. La pili lilikuwa kabatini. Jioni ya maziko alipiga kelele kwamba dhahabu ya marehemu, kidani na bangili, imeibwa. Tajiri yule wa karafuu kutoka Pemba hakutafuta mbali. Alimnyooshea kidole mpishi wake Tadeo, mtu wa bara aliyeletwa Tanga na baba yake mkata mkonge, na polisi wakamswaga mahabusu na aproni yake kiunoni.

Dhahabu ilikuwa imekatiwa bima, kwa hiyo kampuni ilimtuma mpelelezi wake, Noa, Mbondei wa Muheza, aitafute kabla Bakar hajalipwa. Noa alikwenda na moyo mzito. Kila asubuhi Anjela, mke wa Tadeo, alikuwa akimngoja barazani pa ofisi na mtoto mgongoni, anamtazama tu. Mwaka huo wa 1954, mpishi aliyeshitakiwa na tajiri alikuwa keshafungwa nusu.

Chumbani kwa marehemu Noa alipekua kabati, akapekua hata viatu. Hola. Alikuwa anakata tamaa alipoona kwamba kitanda kile kipana cha watu wawili kilikuwa na mto mmoja wa kulalia.

"Wa pili u wapi?"

"Kachukua mwosha maiti," Bakar alijibu kwa kuudhika. "Nguo za marehemu na mto wake ni ada yake. Nyie watu wa misheni hamjui hata hilo?"

Noa aliuliza anakokaa huyo mwosha. Alipanda baiskeli moja kwa moja hadi Mabawa.

Mwosha alikuwa Bi Semeni, mwanamke mtu mzima aliyemlea Time tangu utotoni. Mto ulikuwa juu ya kitanda chake cha kamba, haujalaliwa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, baba." Alimtazama Noa, akautazama mto, machozi yakamtoka hata kabla hajaulizwa. "Najua ulichofuata. Time kaishona dhahabu humo mwenyewe, na ugonjwa wake ule. Kanambia, nikifa huu mpe Hija."

Hija alikuwa binti wa Time kwa mume wa kwanza, akilelewa na shangazi yake kijijini Mkwaja. Bakar hakumtaka nyumbani kwake. Stakabadhi za sonara zilikuwa na jina la Bakar, na kwa Bakar mtoto wa kambo asingeambulia hata pini.

"Ni mahari ya Time," alisema Bi Semeni. "Na mimi nilimwahidi, mkono wake umo ndani ya wangu."

"Bibi, Tadeo yuko ndani."

"Nasikia."

"Dhahabu isipoonekana, atafungwa."

Noa akamweleza habari za Anjela na mtoto. Angeweza kumtishia polisi, lakini roho yake ilikataa.  Mwishowe Bi Semeni akaupakata mto kama mtoto mchanga, akazikata nyuzi kwa meno. Kila bangili ilipotoka, alinong'ona, "Nisamehe, mwanangu." Noa aligeuza uso, maana naye alikuwa analia.

Kwa wakubwa wake alieleza kwamba marehemu aliificha dhahabu yake mwenyewe, wala hakuna mwizi. Tadeo akaachiwa. Bakar akaifungia dhahabu kabatini, asimwombe mtu radhi.

Ijumaa iliyofuata Noa alikwenda kumjulia hali Bi Semeni. Alimkuta na msichana mwembamba, Hija, aliyekuja kutoka Mkwaja kuchukua alichoachiwa na mama yake. Bi Semeni alikuwa ameujaza mto sufi na kuushona upya. Hija aliulalia, akafumba macho.

"Mbona umekuwa laini?" aliuliza. "Usiku ule mmoja nilioruhusiwa kulala na mama alipougua, uliniumiza sikio mpaka asubuhi. Nikamwambia. Akacheka, akasema, vumilia, iko siku utaushukuru."

Bi Semeni alijifunika uso kwa kanga. Hija akaukumbatia mto.

"Basi, nashukuru," alisema.

Noa alitoka, akashika baiskeli yake, asiweze kuipanda.