Boti Niliyoifikisha Kalundu

Magazeti ya zamani yanatufikia Uvira kwa magunia, kutoka Bujumbura. Hayaji kusomwa, yanakuja kufungia ndagala, dagaa wa ziwa letu. Anne-Marie, mjane wa rafiki yangu, anakaanga ndagala kando ya njia ya Kalundu, na kila nikirudi kutoka huko ninakozurura nakaa kwenye benchi yake, nawageuzia wateja vichwa vya habari. Mchezo wenyewe ni mwepesi. Mtu akimaliza samaki ananipa karatasi, nasoma kichwa, kisha nasema mambo yangekuwaje kama yangeenda upande wa pili. Kifaransa changu ni cha kuokoteza: mwaka mmoja shule ya Mutarule, mwaka mwingine kwa mapadri, kingine nimekisomea kwenye makopo ya maziwa. Kinatosha.

Siku ile Thierry, wa pikipiki ya taksi, alinipa karatasi iliyosema Kongo yatimiza miaka hamsini ya uhuru.

"Geuza, Mzee Déo."

"Ubelgiji yatimiza miaka hamsini ya uhuru," nikasema. "Mwisho Uvira ilikubali kuwaachia. Mbele ya hapo tulikuwa na administrateur wetu wa kuwatawala kule Brisele, mtu wa Kiringye, mukali! Kodi alikuwa anataka kwa mihogo. Mzungu akisema mihogo haioti kwa baridi, anaambiwa huo ni uvivu, anafungwa. Jumamosi wote kwa salongo, kazi ya lazima, kufagia mitaro, hata maaskofu yao."

Thierry akapaliwa kwa kicheko. "Na tulipoondoka, tuliwaachia nini?"

"Barabara. Kama ile yetu ya Fizi, na mashimo yake yote ndani."

Anne-Marie hakucheka, yeye ambaye kwa kawaida ndiye anayeanza. Nilijua sababu. Asubuhi ile shemeji yake, Damien, alikuwa amenivuta pembeni.

"Mzee, weye anakusikilizaka. Jumamosi familia inakutana. Mwambie akubali tuzike mgomba."

Kwetu, mtu akipotelea ziwani na mwili usionekane, wanakata mgomba, wanauvika nguo yake, wanauzika kwa sala kama mtu. Bila hivyo matanga yanabaki wazi. Pitchou, mtoto wa kwanza wa Anne-Marie, alipotea na boti iliyotoka Baraka kuja bandari ya Kalundu. Miaka imepita mingi, na kila mwaka mama yake amekataa mgomba. Sasa mdogo wake Pitchou, Providence, amechumbiwa, na Damien anasema watu hawachezi ndoa juu ya matanga yaliyo wazi.

Thierry alipowasha pikipiki na kuondoka, Anne-Marie akainua beseni, akatoa karatasi iliyokuwa chini yake. Ilikuwa kavu, bila tone la mafuta.

"Nimeitoa kwa gunia Jumatatu. Sijui kusoma Kifaransa, lakini picha nimeitambua. Ni ile boti. Soma."

Nikasoma. Boti yazama mbele ya Makobola, abiria hawajaonekana.

"Sasa geuza."

"Mama Pitchou, hii si ya mchezo."

"Weye umefika mpaka Brisele. Makobola ni hapa tu. Geuza!"

Ningeikunja ile karatasi pale pale, nikaondoka zangu. Kuondoka ndiyo kazi ninayoiweza kuliko zote. Lakini aliyezoea kuchekesha watu, mdomo wake unamtangulia.

"Boti yafika Kalundu, abiria wamechoka kabisa," nikaanza. "Motari ilizimika mbele ya Makobola. Kapiteni akasema ni kitu kidogo tu, wakalala palepale. Mbuzi wa mtu akala tiketi zote. Asubuhi wanafika, wa mwisho kushuka ni Pitchou, viatu mkononi."

"Vile vyeupe?"

"Vyeupe. Hakutaka vilowe."

Akapiga makofi. "Njo yeye! Suruali ilowe, viatu hapana! Kisha?"

"Kisha akapanda pikipiki, akamwambia mwenye pikipiki: twende, mama atalipa."

"Mama atalipa! Mutoto mubaya ule!" Alicheka mpaka akajifuta macho kwa kitenge, na mimi nikanenepa kwa furaha, mpumbavu mimi. "Kisha?"

"Kisha akapata kazi ya kupakua mizigo bandarini. Akaoa binti wa kule Nyakabere. Wana watoto, na wa mwisho ana masikio kama yako."

"Wanaishi wapi?"

"Hapa hapa Kalundu. Nyuma ya kanisa."

Akatazama upande wa kanisa. Kutoka kwenye benchi unaliona paa lake.

"Nyuma ya kanisa," akasema. "Na hii miaka yote hapitangi kunisalimu?"

"Kazi iko mingi," nikasema. "Na bibi yake..."

"Hapana." Hakusema kwa hasira. "Pitchou alikuwa anaenda kuoga ziwani tu, akirudi anakuja kuniambia amerudi. Mutoto wangu hakuwa na tabia ile. Kama angefika, angekuja."

"Ngoja nigeuze tena. Tuseme upepo uliwapeleka Kalemie..."

"Kalemie iko telefone. Acha, Mzee Déo."

Akachota ndagala za moto, akazimwaga juu ya ile karatasi, akaikunja vizuri pande zote, akanipa.

"Pelekea Damien. Mwambie akate huo mgomba."

Nikaenda. Mafuta yalipenya karatasi, picha ya boti ikageuka nyeusi kwenye vidole vyangu. Damien atanishukuru, na Providence ataolewa. Lakini kama ningekuwa mwongo hodari zaidi, Pitchou angekuwa bado anaishi nyuma ya kanisa.

Sijafika mbali nikasikia ananiita. Nikageuka. Alikuwa amesimama, mwiko mkononi.

"Mwambie asikate mfupi," akapaza sauti. "Pitchou alikuwa murefu."