Foleni ya Bomba la Ndingala

Saa kumi na mbili asubuhi Siwema alitoka na fimbo yake ya mwanzi kwenda kukagua foleni. Ndoo zilikuwa arobaini na tatu, moja kwa kila mtu mzima wa Ndingala, zimepangwa kutoka kwenye bomba hadi penye vichanja vya kuanikia usipa, dagaa wa ziwani. Kila ndoo ilikuwa na alama ya mwenyewe: utepe, kovu la moto, mpini wa kamba. Yake mwenyewe ilikuwa ya mwisho, kwa kuwa ndiye aliyekabidhiwa kuisimamia foleni, naye aliona haya kujitanguliza.

Bomba lilikuwa halijatoa tone kwa miezi mitatu. Biashara za watu binafsi zilikuwa zimeshakuwa ruksa, na maji yaliyokuwa yakiteremka kutoka milimani yalielekezwa kwenye kiwanda kipya cha kumenya kahawa, mali ya mtu ambaye hakuna aliyepata kumwona. Kiwanda kilimwaga uchafu wake mtoni, na Ndingala ikanywa mto. Hata hivyo foleni haikuvunjwa, kwani bomba lingeweza kufunguliwa siku yoyote. Na desturi ya mahali pale ilikuwa moja: ndoo ikishapangwa, haisogezwi na mkono wa mwingine, mwenyewe awe shambani, ziwani, au popote pale.

Kipindupindu kilipoingia, kilianza na Wilfred mchonga mitumbwi. Alizikwa upesi, akanyunyiziwa chokaa, bila kuoshwa wala kukaliwa matanga. Ndoo yake ikaachwa pale pale. Kesho yake asubuhi Wilfred alikuwa amesimama kando yake. Siwema alimtazama, akaitazama ndoo, akaona ni yake kweli, akapita.

Wengine walifuata, kila mmoja kwa siku yake, hata wakatimia kumi na mmoja. Walisimama kwa adabu, chokaa imewakaukia mabegani, wakiwapisha kuku.

"Wewe Wilfred," Vitalia alimtania, "hata kufa umekufa, lakini foleni huachi?"

"Nilipanga kabla yako, Vitalia."

Wa nne kufa alikuwa Lidia, binti pekee wa Siwema. Alimwachia mama yake mtoto wa kike wa miaka miwili, Glorious, na tangu Jumapili mtoto huyo naye alikuwa akiharisha. Siwema alimchemshia maji ya mto, akayatia chumvi na sukari, akamnywesha kwa kijiko. Maji yalibaki na rangi ya maganda ya kahawa, na mtoto akayatapika.

Siwema alikuwa amekwisha kupanda milima kwa miguu, akapita Litembo, akafika ofisini wilayani na vumbi hadi magotini. Hakulia wala hakubembeleza. Alisema haondoki mpaka ajibiwe. Akajibiwa kuwa bomba litafunguliwa siku ile ile itakapothibitishwa kwamba waliokufa wamefika kumi, na kwamba Bwana Afya atakuja kuhesabu.

Bwana Afya alikuja Jumatano kwa pikipiki. Jina lake Othmar. Alikuwa kijana mpole, amebeba daftari la kitongoji na chupa ya maji yake mwenyewe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umechelewa."

Aliagiza kila mtu asimame penye ndoo yake, akapita akigusa hewa kwa ncha ya kalamu.

"Daftari lina watu wazima arobaini na watatu," alisema. "Nimehesabu arobaini na watatu. Hakuna kifo."

"Kumi na mmoja wamekufa, Bwana Afya. Ni hao wenye chokaa."

Othmar alirudi, akawatazama wenye chokaa mmoja mmoja, akawasalimu, wakaitikia.

"Mama, mimi huandika nilichokiona. Hawa wamesimama."

"Wamesimama kwa sababu hawajapata maji."

"Maji si idara yangu."

Akasema atakula kwanza, kisha atahesabu mara ya mwisho. Siwema akawaendea wafu.

"Ondokeni kidogo," aliwaambia. "Mkionekana hapa, bomba halifunguliwi."

"Na nafasi zetu?" aliuliza Wilfred.

"Mama, nikitoka nitarudishwa nyuma ya Pankras," alisema Lidia. "Na Pankras kafa Jumamosi tu."

"Mimi sijasema neno," alisema Pankras.

"Nitazisimamia mimi, ndoo zote kumi na moja. Lidia, mwanao anataka maji safi leo, si kesho."

Lidia aligeuka kuitazama nyumba.

"Amekunywa?"

"Vijiko viwili. Amevirudisha."

Lidia alifunga khanga yake vizuri, akashika njia ya makaburini. Wengine wakamfuata kwa mpangilio wao wa foleni.

Othmar aliporudi alihesabu watu thelathini na wawili.

"Wale kumi na mmoja wako wapi?"

"Makaburini. Twende nikakuonyeshe."

"Nimewaona wakipita nikiwa nakula. Mtu anayeondoka kwa miguu yake, mama, huandikwa amehama."

"Andika wamekufa."

"Siwezi. Mmoja wao amenikaribisha nyumbani kwake."

Akaandika kwa mwandiko mzuri: wamehama. Akanawa mikono kwa maji ya chupa yake, akaaga, akaondoka. Siwema alibaki amesimama kati ya zile ndoo mpaka jua likatua, kwa kuwa alikuwa ameahidi, na Vitalia ndiye aliyekaa na mtoto.

Glorious alizikwa Alhamisi. Chokaa haikuhitajika nyingi.

Ijumaa Siwema alichelewa kidogo kutoka na fimbo yake. Wafu walikuwa wamekwisha kurudi, kila mmoja penye ndoo yake. Kando ya ndoo ya Lidia palikuwa na kopo la maziwa ya unga, lile alilokuwa akilichezea mtoto, na mtoto mwenyewe amesimama hapo, ameshika pindo la khanga ya mama yake.

"Huyo kaingia katikati!" sauti ililalamika kutoka nyuma.

Siwema aliinua fimbo, akaishusha.

"Mtoto hapangi foleni yake," alisema. "Husimama na mama yake."

Vitalia akasema ndivyo ilivyo, na hakuna aliyebisha zaidi. Siwema aliliweka lile kopo sawa, mdomo juu. Kisha akaenda mwisho wa foleni, akasimama penye ndoo yake, akalielekea bomba. Juu milimani mashine ya kumenya kahawa iliwashwa, saa yake ile ile ya kila siku.