Milango Saba ya Noreen Tully

Noreen Tully alikuwa akipaka siagi kwenye mkate wa kuchoma, simu kaibana kati ya sikio na bega, nayo inampigia muziki ule ule kwa dakika ya arobaini sasa. Mezani kulikuwa na barua mbili. Zote zilifika jana, zote zina nembo ya serikali ile ile, na zote zinataka milango yake.

Ya kwanza ilitoka ofisi ya nyumba. Ilisema milango saba ya ndani "imeharibiwa kwa rangi zisizoidhinishwa." Iwe nyeupe kabla ya ukaguzi wa Alhamisi saa nane mchana, la sivyo mpangaji ahame ndani ya siku kumi na nne. Ya pili ilitoka jumba moja la sanaa huko Sydney. Ilisema milango hiyo hiyo saba ni "hazina ya taifa," na lori litaifuata Jumatatu. Kwa kuwa nyumba ni mali ya serikali, ridhaa ya mpangaji haihitajiki.

Leo ndiyo Alhamisi.

"Ofisi ya nyumba, habari za asubuhi," sauti ya msichana ikatokea hatimaye.

Noreen akamsomea barua zote mbili. "Sasa mwanangu, huyu anasema uharibifu, yule anasema hazina. Nishike lipi?"

"Mambo ya jumba la sanaa siyo idara yetu, mama. Hapa kwangu inaonyesha tu milango siyo myeupe."

"Milango ina watu juu yake."

"Unaweza kujaza fomu ya malalamiko mtandaoni."

"Sina mtandao."

"Ipo fomu ya kuomba msaada wa mtandao, mama. Nayo iko mtandaoni."

Noreen akakata simu. Mkate ulikuwa umeshapoa, akaula hivyo hivyo kwa hasira.

Hazina! Leo ndiyo wamejua kuwa ni hazina. Aliacha shule akiwa na miaka kumi na tatu, akapaka rangi nyumba za watu pale Warrendi, mji wa migodi, miaka ishirini na sita, mwanamke peke yake juu ya ngazi, chini ya bosi aliyeitwa Horrie ambaye hakujua kusema ila kufoka. "Chokaa ya unga juu ya rangi ya mafuta ni utapeli!" Horrie alikuwa akifoka. "Mwenye nyumba akiegemea, inaondoka na koti lake!" Hayo ndiyo masomo yote ya rangi aliyopata. Kuchora hakufundishwa na mtu.

Mwaka aliokufa mumewe, Len, vumbi la mgodi lilikuwa limemla mapafu yote mawili. Daktari wa kampuni akaandika: sigara. Len hakuwahi kuvuta sigara hata moja! Noreen alirudi kutoka mazishini na nguo zake nyeusi, akafungua makopo ya mabaki ya rangi, akamchora Len kwenye mlango wa jikoni, kimo chake kamili, mkebe wa chakula mkononi, macho yanamtazama kila anayeingia. Wiki iliyofuata mjane wa nyumba ya tatu akabisha hodi na picha ndogo ya harusi. "Na wangu je?" akauliza. Wakaja wengine. Milango ikafika saba, wanaume saba, wote wa mtaa huo huo mmoja, wote wameuawa na kifua.

Aliwahi kupeleka ubao mmoja kwenye maonyesho ya kila mwaka ya wilaya. Majaji wakasema rangi ya mabati siyo rangi ya sanaa, wakauweka banda la maboga. Lile jumba la Sydney aliliandikia mara mbili, lisimjibu hata neno. Miaka thelathini na moja baadaye akapita mpiga picha fulani akitafuta maji ya gari lake, na ghafla Noreen akawa amegunduliwa, kana kwamba alikuwa amepotea.

Saa tano akaja Zvonko, jirani wa ng'ambo ya barabara. Alikuwa mchimbaji, na sasa kuvuka barabara tu kulimtaka asimame mara mbili apumue. Kaka yake, Ante, alikuwa kwenye mlango wa bafu. Kila asubuhi Zvonko alikuja kunywa chai na kumwamkia.

Alizisoma barua, midomo ikimcheza. "Utafanyaje, shemeji?"

"Nitapaka nyeupe. Nikifukuzwa hapa nitalala wapi, na umri huu?"

"Kumpaka Ante?"

"Wote."

"Wewe? Kwa mkono wako mwenyewe?" Kikohozi kikamkamata, kikamtikisa, kikamwachia. "Kampuni ilimwita Len mvuta sigara. Sasa wewe humwiti chochote kabisa. Len angekutemea mate, Noreen!"

Neno hilo lilimchoma. Alitamani kumweleza. Lakini Zvonko hakuweza kutunza siri hata ya keki ya siku ya kuzaliwa, na mkaguzi angepita mlangoni kwake kwanza. Akamwacha aende zake, akilaani kwa lugha ya kwao.

Kisha akaenda bandani, akarudi na gunia na ndoo.

Saa saba na nusu alikuwa kwenye mlango wa sita alipoingia Philippa Ashcombe wa jumba la sanaa, mkononi ana karatasi za kubandika za manjano, moja kwa kila mlango. Alisimama ukumbini, zikamponyoka.

"Mungu wangu! Unafanya nini, mama? Simama! Hiyo ni mali yetu!"

"Yenu ni Jumatatu," Noreen alisema bila kugeuka. "Leo Alhamisi."

"Lakini tumeshachapisha kitabu! Una ukurasa mzima!"

"Nimeusoma. Mlinitumia. 'Mwanamke wa kawaida ambaye hakujua ukubwa wa alichokifanya.'" Akachovya brashi. "Nilijua. Niliwaandikia mara mbili kuwaambia. Majina yao mmeyaandika wapi? Kitabu kizima sikuona jina hata moja. Mmeandika 'wachimbaji.'"

Philippa akaanza kulia, na machozi yalikuwa ya kweli. Noreen hakumhurumia. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti.

Saa nane kamili akafika mkaguzi, bwana Kemble, kijana mpole mwenye kishikwambi. Philippa akamrukia, akimsihi amzuie yule mama. Kemble akakuna shingo. "Karatasi ya kuhamisha milango haijanifikia, dada. Mimi fomu yangu ina swali moja: mlango ni mweupe, au siyo mweupe?" Akapita akipiga picha mlango mmoja mmoja. Kwenye ule wa jikoni akaugusa. Kidole kikarudi cheupe.

Noreen akachovya brashi tena, kana kwamba hajamaliza.

"Bado mbichi?" Kemble akauliza.

"Bado mbichi."

Akajifuta kwenye suruali, akabonyeza kioo. "Safi sana, mama. Ungefanya hivi tangu zamani tusingesumbuana. Tutaonana baada ya miezi mitatu."

Philippa alikuwa nje tayari, anafuta safari ya lori kwa simu. "Hapana, hakuna kitu," alikuwa akisema. "Ameiharibu yote. Watu hawa hawaelewi."

Magari mawili yakaondoka, vumbi jekundu likatua. Noreen akavuka barabara, akagonga kwa Zvonko mpaka akafungua, akamshika mkono, akamleta hadi mlango wa bafu. Akampa kitambaa kilicholowa.

"Futa."

Zvonko akamtazama kama mwendawazimu. Akafuta. Chokaa ikateremka kama maziwa, na chini yake ikatokea nyusi, kisha jicho, kisha jicho la pili, la Ante, zima, linang'aa. Mzee akaketi sakafuni na kitambaa chake, akalia kwa sauti.

"Nisamehe, shemeji. Nisamehe maneno yangu."

"Wewe futa. Wako sita wengine."

Alifuta mpaka kwenye kidevu, akapumzika. "Na akirudi? Kasema miezi mitatu."

"Nitawafunika tena." Noreen alikuwa amepiga magoti mbele ya Len, anamtoa chokaa masikioni kwa ncha ya kidole. "Kampuni iliwaua mara moja tu, Zvonko. Serikali inataka niwazike mara nne kwa mwaka."

Zvonko akasema maji yameshachafuka. Noreen akainuka, akachukua ndoo, akaenda kuyabadilisha.