Nilishaingiza

Fundi cherehani aliketi mbele ya kompyuta ya darasa la jioni, macho yamemtoka. Vipande vyote kumi na vinne vya video vilikuwa vimegeuka vyekundu, na juu ya kila kimoja maneno yale yale: faili haipatikani.

"Nilishaingiza," alimwambia mwalimu, kijana wa rika la mwanawe wa kwanza. "Juzi, hapa hapa, ukiniona."

"Kadi ya kamera iko wapi, mama?"

"Nimemrudishia shemeji. Si nilishaingiza?"

Mwalimu akavuta kiti. "Programu ya kuhariri haibebi video, mama. Inakumbuka tu zilipo. Ulitakiwa uzinakili kwanza kwenye kompyuta, ndipo uingize."

"Sasa kwa nini mnaita kuingiza?" Alikuwa na miaka hamsini na mitatu, na tangu azaliwe, alichokiingiza mfukoni kilikuwa mfukoni.

Mwalimu alijikuna kichwa. Fundi akatoka nje ya mlango, akampigia shemeji yake, mpiga picha.

"Kadi? Nimeifuta jana, shemeji. Nilikuwa na kazi ya harusi. Si ulisema umemaliza?"

Alifumba macho. Bwana, nipe subira, aliomba, na kama leo huna ya kunipa, basi nifunge mdomo. Ndani ya kadi ile alikuwamo mama yake, akiwaombea wajukuu mmoja mmoja. Keshokutwa angepasuliwa koo, na daktari alishasema sauti huenda isirudi.

Alikwenda moja kwa moja kwa mama, akaegemeza simu kwenye kopo la sukari, akaibonyeza irekodi.

"Mama, tuanze upya. Zile zimepotea."

"Zimepotea wapi? Mungu alizisikia."

"Wajukuu hawajazisikia."

"Sirudii. Nikirudia ataona simwamini." Sauti ilikuwa inakwaruza tayari. "Nilishamwombea mkubwa apate mke mwenye subira, maana yeye hana. Nilishamwombea wa pili aache kulala mpaka jua kali. Mapacha nilishawaombea wote, na yule mkorofi nikamwongezea. Kitinda mimba nilimwombea asinisahau. Sasa nikamsumbue Mungu kwa yale yale, kwa sababu wewe hujui kompyuta?"

Fundi alikuwa anatazama sekunde zikihesabika kwenye simu.

"Na wewe nilikuombea akili," mama akaongeza. "Naona bado iko njiani."

Kesho yake alifika darasani kabla ya mwalimu. Aliinakili video ile kwenye kompyuta, akainakili tena kwenye flashi, akaifunga flashi kwenye pindo la kitambaa chake. Ndipo akaingiza. Kisha akachomoa waya wa simu na kungoja, midomo ikimchezacheza kwa sala, aone kama kioo kitageuka chekundu.

Mama yake alibaki pale kwenye kioo, amekunja uso. Fundi akabonyeza.

"Sirudii," mama akasema.

Akairudisha nyuma, akabonyeza tena.